Nimefeli kwa swali moja: je, mtihani wa kuchagua jibu unamtendea rubani haki?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninasomea leseni ya rubani wa ndege ndogo binafsi. Kwenye karatasi ya hali ya hewa yenye maswali 12 nilipata 8, na ya kufaulia ni 9. Swali mojawapo liliuliza ukungu wa usiku hutokea katika mazingira gani. Majibu mawili yalitaja anga wazi na hewa yenye unyevu, ila moja likasema "hakuna upepo" na jingine "upepo hafifu". Kitabu changu kinasema "upepo hafifu au hewa shwari". Nikachagua hakuna upepo, nikakosa. Mwenzangu asiyejua hata ukungu unatokana na nini alipata 11, kwa sababu alikariri benki ya maswali aliyoinunua mtandaoni. Je, mtihani wa namna hii ni wa haki? Kwa nini tusipewe maswali ya kujieleza? Au na mimi nikariri tu?

JIBU: Marahaba. Nianze na ukungu wako, maana ndani yake mna karibu kila unacholalamikia.

Kisayansi, aliyetunga swali lile hakukosea. Usiku wa anga wazi, ardhi hupoteza joto kwa mnururisho, na hewa inayoigusa hupoa pamoja nayo. Hewa ikiwa imetulia kabisa, ubaridi ule haupandi. Unabaki kwenye tabaka jembamba juu ya majani, na unyevu unaishia kuwa umande. Ili upate ukungu wa kina, ule wa kumfanya rubani aahirishe safari, unahitaji upepo kidogo, wa kasi ya noti 2 hadi 8 hivi (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), wa kuikoroga hewa ya chini na kuusambaza ubaridi juu zaidi. Upepo ukizidi hapo, ukungu hunyanyuka na kuwa wingu la chini, au usitokee kabisa. Kwa hiyo "upepo hafifu" ndilo jibu bora.

Lakini litazame hilo neno nililotumia: bora. Kama swali liliuliza mazingira "yanayofaa zaidi", umekosa kihalali, japo inauma. Kama liliuliza tu ukungu "hutokea" katika mazingira gani, basi lilikuwa na majibu mawili yanayoteteka, kwa kuwa ukungu mwembamba wa kimo cha goti huonekana hata hewa ikiwa shwari, na ndiyo maana kitabu chako kiliyaweka yote mawili katika sentensi moja. Neno moja lililosahauliwa na mtunzi linaweza kukugharimu ada ya kurudia na wiki kadhaa za kusubiri. Hukuninukulia swali neno kwa neno, na sikulaumu, kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kutoka na karatasi chumbani. Hapo ndipo penye tatizo langu kubwa na mitihani hii, nami nitaparudia.

Kwanza nikuondolee hofu ambayo kila mtu huitaja na ambayo haistahili kelele zote hizo: kubahatisha. Chukua karatasi kama yako, maswali 12, kila swali majibu manne, kufaulu ni 9. Mtu asiyejua lolote, akijaza kwa kufumba macho, ana nafasi kama 4 katika 10,000 ya kupita. Huyo tumsahau. Wa kutazamwa ni anayejua nusunusu. Anayejua kwa hakika maswali 8 na kubahatisha manne yaliyobaki anahitaji kupatia moja tu kati ya hayo, na nafasi yake ni 68 katika 100. Anayejua 7 anahitaji mawili kati ya matano, na bado ana nafasi 37 katika 100. Na hapo nimechukulia kwamba habagui chochote. Kwa kweli hakuna mwanafunzi asiyeweza kulitupa angalau jibu moja la kipuuzi, kwa hiyo nafasi ni kubwa zaidi ya hizo.

Sasa geuza shilingi. Chukua mwanafunzi mzuri ambaye kwa kila swali linaloweza kuulizwa katika somo lile ana nafasi 8 kati ya 10 ya kulipatia. Kiwango chake kiko juu ya mstari. Mpe karatasi ya maswali 12, na mara 20 hivi kati ya 100 atafeli. Atafeli kwa sababu tu maswali 12 yaliyomwangukia siku hiyo yaligusa pale alipo dhaifu. Mpe karatasi ya maswali 60 kwa alama ileile ya 75 kwa 100, na hatari hiyo inashuka hadi kama 13. Hao 20 wananisumbua kuliko wabahatishaji wote. Katika karatasi yako kila swali lina uzito wa zaidi ya alama 8 kwa 100. Kosa la mtunzi ambalo kwenye karatasi ndefu lingepita kama mkwaruzo, kwako limekuwa kidonda.

Kwa nini basi karatasi ziwe fupi hivyo? Kanuni za Ulaya, chini ya wakala wa usalama wa anga wa Umoja wa Ulaya, EASA, zinaonyesha mantiki yake. Leseni ya rubani binafsi ina masomo 9, na maswali yote kwa jumla yasipungue 120, yaani wastani wa kama 13 kwa somo. Kila somo linafauliwa peke yake kwa 75 kwa 100. Wangeyaunganisha yote katika karatasi moja, kipimo kingekuwa imara zaidi, ila mtu angeweza kufidia ujinga wake wa hali ya hewa kwa alama nzuri za sheria za anga. Mvua ya radi haijali kwamba unaijua sheria. Mimi naunga mkono kutenganisha masomo, lakini lazima tukiri gharama yake: kati ya mtu wa 8 na mtu wa 9, karatasi hiyo haina uwezo wa kusema kwa uhakika nani anajua zaidi. Mstari lazima uchorwe mahali fulani, na wewe umeangukia upande wake mbaya.

Kuna wanaopendekeza jibu la makosa likatwe alama ili kuwakomesha wabahatishaji, kwa mfano theluthi ya alama kwa kila kosa panapokuwa na majibu manne. Ulaya imelikataa jambo hilo waziwazi katika kanuni zake, na nadhani imefanya vyema. Ukikata alama unaanza kupima ujasiri: mwenye hofu huacha wazi swali analolijua kwa robo tatu, mwenye kiburi hujaza na kuvuna. Mwenzangu mmoja hubisha kwamba rubani anapaswa kujua lini anabahatisha. Ni kweli, ila hilo lipimwe angani.

Kuhusu maswali ya kujieleza, nimewahi kuyasahihisha, na nakuambia usiyaombe haraka. Mwaka 1912 watafiti Daniel Starch na Edward Elliott huko Marekani walichukua insha za wanafunzi, wakazisambaza nakala zake kwa walimu wengi wa shule mbalimbali. Insha moja, walimu wengi, na alama zikapishana kwa zaidi ya 30 kati ya 100. Ni katika mazingira hayo ndipo, miaka michache baadaye, Frederick J. Kelly wa Kansas alipotunga jaribio la kusoma ambalo msahihishaji hana nafasi ya kuingiza maoni yake. Maswali ya kuchagua jibu yalizaliwa kama dawa ya upendeleo. Katika insha, mwenye mwandiko mzuri na lugha laini hupata asichostahili, na anayejua jambo lakini anaandika kwa lugha ya pili hupoteza. Ukiandika "hewa ikitulia ni umande" bila kufafanua, mimi naweza kukupa 3 kati ya 5, jirani yangu akakupa 5. Malalamiko yako yangekuwa mengi zaidi, na magumu zaidi kuyathibitisha.

Shida, basi, iko kwenye ubora wa maswali na kwenye ukimya unaofuata baada ya mtihani. Nitakusimulia swali langu mwenyewe, kwa aibu yangu. Miaka mingi iliyopita nilitunga hili: ndege ina kasi ya stoli (kasi ambayo chini yake mabawa hushindwa kuibeba) ya noti 50 ikiruka moja kwa moja, ikiingia kona kwa kuinama nyuzi 60, kasi yake ya stoli inakuwa ngapi? Majibu: noti 50, noti 71, noti 100, haiwezi kujulikana kwa taarifa hizi. Nililipenda. Katika kona ya nyuzi 60 mabawa hubeba mara mbili ya uzito wa ndege, na kasi ya stoli hupanda kwa kipeuo cha pili cha mzigo huo, yaani mara 1.41, ndipo tunapata 71. Ile 100 niliiweka makusudi kwa anayekumbuka "mara mbili" na kusahau kutafuta kipeuo. Hicho ndicho kipotoshi kizuri, yaani jibu la makosa lililowekwa kama mtego: kinanasa kosa halisi, si kosa la kubuni.

Matokeo yalipokuja tukafanya kinachofanywa kwa kila swali linaloheshimiwa. Tulichukua kundi la watahiniwa wenye alama za juu kabisa katika karatasi nzima na kundi la wenye alama za chini, tukalinganisha waliopatia swali hili katika kila kundi. Swali zuri hupatiwa zaidi na kundi la juu. Langu lilikuwa kinyume. Wanyonge walichagua 71, waliyoikariri darasani. Wenye akili wengi walichagua "haiwezi kujulikana". Nilikaa nalo siku mbili kabla sijaona. Sikuandika kwamba ndege inadumisha kimo chake. Mabawa hubeba mara mbili ya uzito pale tu rubani anapovuta usukani kuizuia ndege isishuke. Akiiachia ishuke kwa kasi inayoongezeka, mzigo ni mdogo kuliko huo, na kasi ya stoli nayo ni ndogo. Kwa hiyo wale walionikosesha usingizi walikuwa wanalijua somo kuliko swali langu lilivyolijua.

Nililirekebisha: nikaongeza maneno manne, "huku ikidumisha kimo chake", na mahali pa lile jibu la nne nikaweka noti 59, ambayo ni ya kona ya nyuzi 45. Tangu hapo lilifanya kazi yake. Lakini waliokwisha kulifanya? Ofisi tuliyokuwa tukiitungia haikuwa na utaratibu wa kurudia kusahihisha. Waliofeli kwa swali lile hawakuambiwa kamwe. Baadhi yao walifeli kwa swali moja, kama wewe. Huko Ulaya mtahiniwa ana nafasi 4 kwa kila karatasi, na zote zikamilike ndani ya miezi 18. Akizimaliza nafasi hizo au muda huo ukapita, anarudia mitihani yote tangu mwanzo. Katika mfumo mkali kiasi hicho, swali bovu lisilochunguzwa linaweza kumfuata mtu kwa mwaka mzima.

Mengine niyapitie upesi. Maswali ya hesabu za safari huwa hayana haki pale majibu yanapokaribiana kuliko uwezo wa chombo kinachotumika. Ukiwapa watu kikokotoo cha gurudumu cha kuzungusha kwa mkono, halafu majibu yakawa nyuzi 083, 085, 087 na 089, umepima unene wa penseli. Mfano ulio safi: uelekeo wa kweli 090, tofauti ya sumaku nyuzi 6 magharibi, uelekeo wa sumaku ni upi? Jibu ni 096, na 084 inamngoja aliyetoa badala ya kujumlisha. Lugha nayo. Swali lenye kanusho mbili, la "ipi kati ya hizi si sahihi kutotumika", linapima sarufi, na anayesoma kwa lugha isiyo yake ndiye anayelipa. Ila katika sheria za anga sina huruma hiyo: tofauti kati ya kanuni ya lazima na pendekezo katika viambatisho vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ni maudhui yenyewe, na rubani lazima aisome kwa makini.

Halafu kuna idadi ya majibu. Watu hudhani majibu manne ni haki zaidi kuliko matatu. Mtafiti Michael Rodriguez alikusanya tafiti za miaka 80 na mwaka 2005 akaonyesha kwamba majibu matatu yanatosha, kwa kuwa jibu la nne mara nyingi ni kichekesho kisichomvuta mtu. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, hutumia majibu matatu na alama ya kufaulu ya 70 kwa 100. Ulaya hutumia manne na 75. Ukiondoa kinachoweza kupatikana kwa bahati tupu, 70 ya Marekani ni sawa na kujua kama 55 kwa 100, na 75 ya Ulaya ni kama 67. Je, Marekani imelegea? Hapana, kwa sababu karatasi yao haisimami peke yake. Ripoti ya matokeo hutaja kwa misimbo maalumu maeneo uliyokosa, na mtahini wa jaribio la vitendo anatakiwa kukuhoji maeneo hayo ana kwa ana kabla hamjapanda ndege. Kwao, aliyepita kwa bahati kwenye ukungu atakutana na ukungu tena, safari hii mbele ya mtu mwenye macho. Mimi napendelea mfumo huo kuliko kubishana juu ya asilimia tano.

Sasa mwenzako wa 11. Hapa ndipo nakubaliana nawe kabisa kuwa kuna dhuluma, ila lawama inaelekezwa vibaya. Benki kuu ya maswali ya Ulaya ni siri, isipokuwa mifano michache. Lakini siri inayojulikana na maelfu ya waliokwisha kufanya mtihani hukaa siri kwa muda gani? Watahiniwa hutoka, huandika wanachokumbuka, na huduma za kulipia huyakusanya. Matokeo yake ni kwamba siri inabaki kwa asiyelipa tu. Marekani kwa miaka mingi ilifanya kinyume: ilichapisha maswali yote, kila mtu akayaona, na kila mtu akakariri, baadaye ikaacha, ikabakiza mifano. Njia ya kwanza inampendelea mwenye pesa, ya pili ilimpendelea mvivu. Ningeulizwa mimi, ningechapisha benki kubwa sana, na tarakimu ndani ya maswali zibadilike kila mtihani, ili atakayeikariri yote awe amelisoma somo bila kujua. Ulaya yenyewe imekiri udhaifu huo kwa namna yake: tangu 2018 imeongeza kwa wanaosomea leseni za kibiashara tathmini za maarifa, ujuzi na mtazamo zinazofanywa na shule, nje ya maswali ya kuchagua, kabla mwanafunzi hajapendekezwa kwa mtihani wa mwisho.

Ukariri? Nunua benki hiyo kama unaweza, sioni dhambi, lakini iwe baada ya kitabu na si badala yake. Na ifanye hivi: funika majibu kwa mkono, soma swali, sema jibu lako kwa sauti, kisha ndipo ufunue. Kama jibu ulilosema halimo kati ya yaliyoandikwa, umegundua ama pengo lako ama kasoro ya swali, na vyote viwili vina faida. Ukiona umeanza kulitambua jibu kwa urefu wake au kwa nafasi yake ya tatu kutoka juu, funga kompyuta, hujifunzi tena.

Kwa lile swali lako, leo hii, kabla kumbukumbu haijachakaa, andika maneno yake kadiri unavyoyakumbuka, hasa kama palikuwa na "zaidi" au hapakuwa. Mamlaka nyingi zina njia ya kuwasilisha pingamizi, na mara nyingi ina siku chache tu. Usiandike kwamba mtihani si wa haki, barua za namna hiyo hazisomwi zaidi ya mstari wa pili. Andika kwamba swali fulani lina majibu mawili yanayoteteka, nukuu kitabu chako na ukurasa, kisha uombe mambo mawili: chanzo ambacho jibu rasmi limetegemea, na maeneo uliyokosa katika maswali mengine matatu. Hilo la pili usilidharau. Hata swali la ukungu likifutwa, yale matatu yapo, na mimi ningependa kujua kama mojawapo lilihusu barafu ya kabureta, ile inayoganda pale hewa na mafuta ya injini vinapochanganyika, maana hiyo haisubiri baridi: hewa ya nyuzi joto 20 za Selsiasi yenye unyevu inatosha.

Mtunzi akikujibu kwamba swali lilisema "zaidi", lipia, rudi, ufanye tena. Una tofauti ya jibu moja tu. Na siku ya jaribio la kuruka mtahini akikuuliza ukungu hutokeaje, anza na umande.